Bunduki mlangoni mwa jaji: Safari ndefu ya mahakama za Uganda

WAULIZE wafanyabiashara wanaovuka Busia, Malaba, Mutukula au Katuna wanafanya nini wanapodhulumiwa. Wengi watakujibu kwa methali: mwenye nguvu mpishe. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni nasi tulirudi na imani hiyohiyo. Tulilelewa na wazazi walioikimbia nchi, na kwao jaji, askari na mtoza ushuru walikuwa watu wa nyumba moja.

Nafundisha historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Kampala, na kila mwaka wanafunzi huniuliza kama korti za nchi hii zimewahi kumshinda mwenye bunduki. Jibu langu ni kwamba zimewahi, mara chache, na kwa gharama kubwa. Yafaa msomaji aijue historia hiyo, kwa sababu inahusu shamba lake na mzigo wake.

Kabla ya Waingereza, kesi zilikatwa na wazee wa ukoo, machifu na wafalme. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulimtambua Omulamuzi, yaani jaji mkuu wa Buganda, kuwa mmoja wa mawaziri watatu wa Kabaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1902, amri iliyotolewa London iliunda Mahakama Kuu ya Uganda. Tangu hapo pakawa na njia mbili: Mwafrika alihukumiwa na baraza la chifu wake, naye Mzungu akawa na mahakama ya Kiingereza. Mila zetu zilikubaliwa mradi tu jaji Mwingereza asizione kuwa zinapingana na haki na maadili, kama alivyoyaelewa yeye.

Mwaka huohuo wa 1902 iliundwa pia mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki. Majaji wake walizunguka miji ya kanda hii wakisikiliza rufaa, na asiyeridhika aliweza kwenda hadi London. Mahakama hiyo ilidumu kwa majina tofauti hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kwa miaka 75, basi, mfanyabiashara wa Kampala na mwenzake wa Mombasa waliweza kuishia mbele ya majaji walewale. Wanaodhani kuwa mahakama ya pamoja ni jambo geni walikumbuke hilo.

Uhuru ulipatikana mwaka 1962, na mwaka uliofuata Udo Udoma, mzaliwa wa Nigeria, akawa Jaji Mkuu. Mtihani wake haukuchelewa. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliifuta Katiba ya uhuru na kuleta nyingine. Chifu mmoja wa Buganda, Michael Matovu, akawekwa kizuizini, na mawakili wake wakaiomba Mahakama Kuu imwachilie. Ili kuamua, majaji walilazimika kwanza kuulizana kama Katiba mpya ilikuwa halali. Wakajibu kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria mpya, hivyo Katiba ile ilikuwa halali. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Kwa lugha ya sokoni, mahakama ilikuwa imesema kwamba aliyeshinda ndiye mwenye sheria.

Aliyeikataa hoja hiyo kwa matendo alikuwa Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, akashindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962, na baadaye akafungwa bila kesi na serikali ya Obote. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alimfungua, na mwaka huohuo akamteua Jaji Mkuu. Pengine Amin alitarajia shukrani. Badala yake, mwaka 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi aachiliwe, kwa kuwa hawakuwa na mamlaka ya kumshika. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mchana, wakamtoa ofisini mwake na kuondoka naye. Aliuawa, na familia yake haikupata mwili wa kuzika.

Mwaka huohuo Jaji David Jeffreys Jones, mmoja wa majaji watatu wa kesi ya Matovu, alikuwa akichunguza kupotea kwa Wamarekani wawili huko Mbarara. Ushahidi ulielekea kambini kwa jeshi. Ilibidi aondoke nchini, na ripoti yake akaituma kutoka Kenya.

Baada ya hapo kazi ya mahakama ilihamia mikononi mwa wanajeshi. Amri ya mwaka 1973 iliruhusu raia kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Ile ya mwaka 1975 iliwagusa wachuuzi moja kwa moja, kwani iliunda mahakama ya makosa ya uchumi. Kuficha bidhaa, kuuza kwa bei ya juu au kufanya magendo kuliweza kumfikisha mtu mbele ya kikosi cha kupiga risasi. Wazee wetu wa mpakani wanaposikia neno "mahakama" wakanyamaza, wanakumbuka miaka hiyo.

Hata hivyo, kiti cha Kiwanuka hakikubaki kitupu. Samuel Wako Wambuzi alikikalia mwaka huohuo wa 1972, akaondoka 1975, akarudi 1979 hadi 1980, kisha akateuliwa mara ya tatu mwaka 1986 na kudumu hadi 2001. Katika kipindi hicho cha mwisho mambo mawili makubwa yalitokea. Kwanza, kamati za vijiji zilipewa uwezo wa kisheria wa kukata kesi ndogo, na leo tunaziita mahakama za LC. Pili, Katiba ya mwaka 1995 ilitamka katika ibara ya 126 kwamba mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi.

Familia yangu ilionja matunda ya mabadiliko hayo. Wazazi wangu walivuka Busia mwaka 1981 nikiwa mtoto wa mgongoni, nami nikasoma Kenya hadi chuo cha ualimu. Baba alirudi peke yake mwaka 1991 na kukuta mtu mwingine analima shamba letu tangu mwaka 1982. Jamaa walimshauri asubiri tutakaporudi sote. Wakili mmoja akamwambia kwamba sheria inatoa miaka 12 tu ya kudai ardhi mahakamani, naye alikuwa ameshatumia tisa. Alipeleka shauri kwa kamati ya kijiji wiki ileile.

Wazee waliojua mipaka walitoa ushahidi wakiwa wamesimama shambani penyewe, akashinda. Mwenzake akakata rufaa kwa hakimu, na huko kesi ikakokotwa kwa miaka sita. Faili lilipotea mara mbili. Mwisho walipatana, baba akarudishiwa sehemu kubwa na yule bwana akabaki na kipande alichokuwa amejenga. Haikuwa haki kamili. Lakini hakuna aliyepigwa panga, na watoto wa pande zote mbili tunasalimiana hadi leo.

Bunduki nazo zilirudi mlangoni. Tarehe 16 Novemba 2005 watuhumiwa 14 wa uhaini walipewa dhamana na Mahakama Kuu ya Kampala. Kabla hawajatoka, watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi waliizingira mahakama, na watuhumiwa wakarudishwa gerezani. Tarehe 1 Machi 2007 askari waliivamia tena mahakama hiyo na kuwakamata upya waliopewa dhamana. Safari hii majaji wa nchi nzima walisusia kazi, jambo ambalo enzi za Kiwanuka lingekuwa ndoto.

Watuhumiwa hao hawakuishia hapo. James Katabazi na wenzake walikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Arusha mwaka 2001. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji wa huko waliamua kwamba uvamizi ule ulivunja utawala wa sheria, ambao Uganda iliahidi kuuheshimu ilipotia saini Mkataba wa Jumuiya.

Mlango huohuo umetumiwa na wasafiri na wafanyabiashara. Wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa Entebbe mwezi Aprili 2011 na kurudishwa kwao. Mwaka 2013 Arusha iliamua kuwa Uganda ilivunja Mkataba. Mwaka 2019 kampuni ya British American Tobacco ya Uganda ilishinda kesi kuhusu sheria iliyotoza sigara zinazotengenezwa Kenya ushuru mkubwa kuliko zinazotengenezwa hapa.

Nyumbani mvutano unaendelea. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Kufikia Juni mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria nyingine, na Rais akaitia saini, inayoruhusu tena raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani. Tofauti na mwaka 1972 ni kwamba jaji aliyetoa hukumu alirudi nyumbani salama, na serikali ikalazimika kutafuta njia ya Bunge. Ni hatua ndogo, lakini Kiwanuka hakuipata.

Je, haya yanamsaidiaje mtu mwenye deni la magunia ya maharagwe? Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, na wakili haruhusiwi kusimama humo. Unajieleza mwenyewe mbele ya hakimu. Aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo. Aliyedhulumiwa na serikali ya nchi mwanachama anaweza kwenda Arusha, akumbuke tu kwamba Mkataba unampa miezi miwili tangu tendo lilipofanyika au alipolijua. Naye anayerudi kutoka uhamishoni aihesabu ile miaka 12 kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Ndugu msomaji, tunza risiti, andika tarehe, tafuta mashahidi wangali hai. Majaji wa nchi hii waliwahi kuburutwa kutoka vitini mwao kwa sababu ya kazi hiyo ya kutusikiliza. Kumpisha mwenye nguvu bila hata kufungua faili ni kumpa bure kile ambacho Amin alilazimika kukichukua kwa bunduki.