Je, Wajua? Uvimbe Wenye Sura ya Saratani

Kinyama kilichotoka chumba cha upasuaji kimelowekwa kwenye formalini, kikazamishwa ndani ya nta, kikakatwa utando mwembamba wa mikroni 4 hivi, kisha kikatiwa rangi: zambarau kwa viini vya seli, waridi kwa mwili wake. Mtaalamu wa patholojia anainamia hadubini, moyo unamlipuka. Viini ni vikubwa mno, vyeusi, vimepindapinda, na seli nyingine ina vinne au vitano kwa pamoja. Ukiamua kwa sura, hii ni saratani.

Huenda siyo. Uvimbe huu ni ndugu adimu wa fibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi), ile inayowapata wanawake wengi kupita kiasi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya 80% ya wanawake weusi huwa nayo. Fibroidi ya kawaida ikipasuliwa ni nyeupe na ngumu, nyuzi zimepishana kama ukili, na seli zake zinafanana zote. Huyu ndugu anaitwa leiomioma yenye viini vya ajabu. Ana sura ya kutisha, lakini hana tabia ya kusambaa.

Atajulikanaje? Mwaka 1994 wataalamu wa patholojia Bell, Kempson na Hendrickson, baada ya kuchunguza vivimbe 213 vyenye utata, walionyesha kuwa sura mbaya peke yake haitoshi. Lazima seli zinazogawanyika zihesabiwe, tena kwa subira, kwa sababu kiini kinachokufa na kumeguka hufanana sana na kile kinachogawanyika. Zikifika 10 au zaidi katika maeneo 10 ya hadubini, pamoja na sura ile, hiyo ni leiomiosakoma, saratani ya kweli. Vilevile hutafutwa seli zilizokufa ghafla, zikipakana na zilizo hai bila hata ukanda wa kovu katikati. Kwangu mimi, hesabu hii ndiyo kazi yenyewe. Anayeifanya kwa haraka anaweza kumpokonya binti kizazi chake bure.

Lipo jambo jingine. Baadhi ya vivimbe hivi vimepoteza kimeng'enya kiitwacho fumarati haidrataze. Kipimo chake kinapendeza kukitazama: mishipa ya damu inashika rangi ya kahawia, huku seli za uvimbe zinazoizunguka zikibaki tupu. Wakati mwingine kasoro hiyo ni ya jeni ya kurithi, ile inayoleta pia saratani kali ya figo katika ukoo.

Ndipo mgonjwa aliyekuja kwa sababu ya hedhi nzito anapoulizwa swali asilolitarajia: "Mama, kwenu kuna aliyewahi kuugua figo?"