Mgonjwa Wetu Anapokaribia Mwisho

Mwezi huu tunagusa jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hulizungumza kwa kunong'ona nje ya wodi.

Tulimpokea bibi mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea. Binti yake ndiye aliyemwuguza nyumbani. Siku ya tatu akafika kijana wake kutoka mjini, akataka mama ahamishiwe hospitali kubwa usiku uleule, hata kwa kuuza shamba. Binti akasema mama amechoka, anataka kufia kwake. Usiku huo bibi alilia kwa maumivu hadi alfajiri. Asubuhi kijana akatufuata faraghani: "Sista, basi mchomeni sindano apumzike." Hatukumlaumu, maana hakuwa amelala. Lakini katika mabishano yote hayo, bibi mwenyewe hakuulizwa na mtu, na akili zake zilikuwa timamu.

Sindano ya namna ile hatuna ruhusa ya kuichoma, wala kwa Mungu wala kwa serikali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyemwua, hata kama ugonjwa ungemwua baadaye. Anayemsaidia mwenziwe kujiua anaweza kufungwa maisha. Kusema "niliona huruma" au "ndugu walikubali" hakumwondolei mtu kosa.

Hata hivyo, wengi hudhani kwamba kwa kuwa Kanisa linakataza kuua, basi linadai kila tiba ifanyike mpaka pumzi ya mwisho. Sivyo. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa nusukaputi kwamba mtu hafungwi kutumia njia za tiba zisizo za kawaida. Yohane Paulo II akalieleza tena katika barua yake Evangelium Vitae, Machi 1995: kuacha tiba nzito isiyolingana na faida yake si kujiua, ni kukubali hali ya kibinadamu mbele ya kifo. Kwa hiyo kuacha kumsafirisha bibi yule kilometa mia kadhaa kwa tiba isiyoweza tena kumponya hakukuwa dhambi. Wala shamba halikulazimika kuuzwa.

Kisichoachwa ni matunzo: kumwosha, kumgeuza, chakula na maji maadamu mwili unavipokea, na kumwondolea maumivu. Juu ya maumivu nasi tuna deni. Tulipokuwa vijana kazini tuliiogopa mofini. Mzee mmoja alikufa akiuma shuka huku chupa imefungwa kabatini, kwa kuwa tulidhani dawa ingemzoesha au kumwua. Mtu aliyebakiwa na siku nne azoee nini? Mofini ikianzwa kidogo na kuongezwa kwa kipimo, hutuliza bila kuua. Pius XII alikwisha kuruhusu dawa ya maumivu mwaka uleule wa 1957, hata ikitokea ifupishe maisha, mradi nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine.

Jirani zetu Uganda walianza kutumia mofini ya maji mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Hospitalini kwetu huandikwa na daktari. Hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Huleta choo kigumu, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo.

Neno moja kuhusu dripu, maana ndiyo hugombanisha ndugu. Mgonjwa aliye saa za mwisho hakati roho kwa sababu ya kukosa dripu. Mwili unapofunga kazi, maji mengi hujaa miguuni na mapafuni, na pumzi ikawa ya taabu zaidi. Pamba yenye maji safi midomoni humfaa kuliko chupa ile.

Tulimwuliza bibi, wanawe wote wawili wakiwapo. Akasema: "Nipelekeni nyumbani, na padre aje." Paroko alimpa Mpako Mtakatifu na Komunyo akiwa bado anaweza kuungama na kuitikia. (Wengine humwita padre mgonjwa hajitambui tena, wakiogopa kwamba akionekana mlangoni ameleta mauti!) Aliishi siku 11, na kijana ndiye aliyekuwa akimnywesha mofini, saa ameiweka mezani.

Mwenye mgonjwa wa namna hii amwulize mapema, angali anaweza kusema, na majibu yake yaelezwe kwa daktari na kwa ndugu walio mbali kabla hawajapanda basi. Mwezi ujao tutaonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Wekeni tayari mito miwili na shuka kuukuu.