Kwa Nini Makadirio ya Dume la Kigeni Hayasomeki Vilevile kwa Ng'ombe Chotara

Mfugaji anayechagua mbegu ya uhimilishaji hukuta, pamoja na jina la dume, makadirio ya maziwa ya mabinti zake. Kwa madume ya Holstein, makadirio hayo hukokotolewa kwa kusoma vinasaba, utaratibu ulioanza kutumika rasmi nchini Marekani mwaka 2009. Je, yanafaa kwa ndama atakayezaliwa na zebu?

Ng'ombe ana kromosomu 60, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama. Mbegu au yai linapotengenezwa, kromosomu za jozi moja hukatika na kubadilishana vipande. Kwa Holstein, jambo hilo hutokea kwa wastani wa takriban mara 25 katika kila mbegu ya dume na mara 23 katika yai. Kwa binadamu ni kinyume: mwanamke humzidi mwanamume.

Mikato hiyo haikusambaa sawasawa. Huwa mingi zaidi kuelekea ncha za kromosomu, na huwa michache karibu na sentromia, ambako jeni nyingi hurithiwa kama furushi moja, nzuri pamoja na mbaya. Jeni iitwayo PRDM9 huchangia kuamua mahali pa kukatika, nayo hubadilika haraka katika historia ya wanyama. Kwa sababu hiyo, ramani za mikato za aina mbili za ng'ombe hufanana kwa ujumla, lakini hutofautiana mahali mahali.

Athari yake ni kubwa. Mara nyingi kipimo hakisomi jeni ya maziwa yenyewe, bali alama iliyo jirani nayo. Kwa Holstein, waliotokana na madume machache mashuhuri, alama na jeni bado huandamana. Kwa zebu, ambaye nasaba yake ilitengana na ya ng'ombe wa Ulaya zamani kabla ya kufugwa, alama ileile inaweza kuwapo bila jeni inayotarajiwa.

Chotara wa kizazi cha kwanza hupokea kromosomu nzima za upande wa Ulaya na nzima za zebu. Vipande vya pande hizo mbili huanza kubadilishana pale chotara huyo anapozaa, na ndiyo sababu wajukuu hutofautiana sana kwa maziwa na kwa ustahimilivu wa magonjwa. Mfugaji anayeandika maziwa ya kila siku ya mitamba hiyo, pamoja na namba ya dume lililotumika, anatunza taarifa ambazo makadirio ya ng'ambo hayana.