Silikoni haisogezi mfupa wa kifua

Mrembo, kabla uingie kliniki na picha ya staa kwenye simu, jiangalie kwanza kwa kioo. Gusa katikati ya kifua. Huo mfupa bapa ndio unaochangia sana matiti yaachane kiasi gani, na upana wake hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Kipandikizi cha silikoni huwekwa nyuma ya titi au chini ya msuli, na hufuata pale titi lilipo. Kama matiti yako yameachana, yatakuwa makubwa lakini bado yameachana.

Eti uongeze saizi ndio mwanya uzibe? Mara nyingi ziada huelekea kwapani. Na daktari akilazimisha kuyasogeza kwa kukata misuli karibu na huo mfupa, matiti yanaweza kuungana katikati yakawa kama kitu kimoja. Kurekebisha hapo ni kisu kingine, na pesa nyingine.

Ule mfereji unaoutamani kwenye picha mara nyingi ni kazi ya sidiria. Kwa hivyo muulize daktari: "Nikiivua, mwanya utabaki kiasi gani?" Akikuahidi miujiza bila hata kukupima kifua, beba mkoba wako, toka.