"Ni Homa Tu": Tujue Inavyosumbua Damu Yetu



Tunapotembelea vikundi wakati wa baridi, mara nyingi tunauliza, "Mama fulani yuko wapi leo?" Tunajibiwa, "Ana homa tu, kesho atakuja shambani." Hilo neno "tu" ndilo tunataka kulizungumzia.

Mafua ya kawaida na influenza si kitu kimoja. Influenza huanza ghafla: mwili kuwa moto, viungo kuuma, kikohozi kikavu, hata kuamka ni shida. Virusi vyake hushambulia pua, koo na mapafu, lakini vurugu yake hufika hadi kwenye damu.

Damu ina chembe za aina tatu. Chembe nyekundu hubeba hewa safi. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Halafu kuna vigandisha damu, vidogo sana, ambavyo huziba kidonda ukijikata na panga. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini huwa na vigandisha kati ya 150,000 na 450,000.

Influenza ikiingia, katika siku za kwanza baadhi ya chembe nyeupe hupungua kwenye damu. Je, zimekufa? Zingine ndiyo, lakini nyingi zimetoka kwenda vitani, huko mapafuni. Mgonjwa akipata nafuu, hesabu hurudi.

Vigandisha navyo huamka. Huvishika virusi na kushikamana na chembe nyeupe ili kusaidiana nazo. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini vikiamka kupita kiasi, hunatana na kufanya bonge la damu. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeshakuwa myembamba, bonge hilo laweza kuziba njia. Utafiti wa Ontario, nchini Kanada, uliotolewa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba katika siku 7 baada ya kupimwa na kupatikana na influenza, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa kama mara 6 kuliko nyakati zingine.

Basi tufanye nini?

1. Mgonjwa apumzike na anywe vinywaji kwa wingi. Kikundi kimshikie zamu yake.

2. Tusiwape watoto na vijana wenye homa aspirini. Inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Lakini mzee aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa sababu ya moyo asiiache bila kumwuliza.

3. Tusinunue antibiotiki ovyo dukani. Haziui virusi.

4. Mwili ukiwa moto, apimwe malaria pia. Tusikisie.

5. Akiumwa na kifua, akishindwa kupumua, akichanganyikiwa, au akipata nafuu halafu azidiwe tena, apelekwe hospitali mara moja. Tusingoje asubuhi.

6. Chanjo ya influenza iko. Wazee, akina mama wajawazito, na wenye ugonjwa wa moyo, pumu au kisukari waulize kwenye kituo cha afya.

Katika mkutano wenu ujao, someni ukurasa huu kwa sauti, kisha mkubaliane ni nani atakayemtembelea mwanachama akiugua. Palizi inaweza kungoja wiki moja. Moyo ukisimama, haungoji.