Matuta na Njia za Ukambani: Kazi ya Kila Mwaka

Mkulima wa Mbooni, Kilungu au Kangundo ana misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na baina yake misimu miwili ya jua. Wakati wa mvua kila mpita njia huiona kazi yake, maana hupanda na kupalilia. Lakini kazi inayoliokoa shamba lenyewe hufanywa wakati wa jua, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Mvua za Ukambani hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi, na zile za kwanza za Oktoba au Novemba huikuta ardhi iko wazi, haina jani la kuifunika. Tuta likiwa limebomoka siku hiyo, mvua haitangoja lizibwe.

Tuta linalotumika sana huko huitwa "fanya juu", na jina hili la Kiswahili limeenea hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 hivi, na kina kama hicho, huchimbwa kwa kukingama mlima, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini, na ndiyo maana wako wanaopendelea "fanya chini". Hata hivyo jasho hilo lina malipo yake. Udongo unaoteremshwa na mvua kutoka sehemu ya juu ya shamba hukwama nyuma ya tuta, na mwaka hadi mwaka hujaa, hata shamba lililoinama likawa ngazi pana zilizo karibu sawa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusawazisha hufanywa na mvua ile ile iliyokuwa ikiharibu. Juu ya tuta hupandwa majani kama makarikari, ambayo huushika udongo na tena hukatwa kulisha ng'ombe; na ndani ya mtaro, mahali maji yanapokaa, migomba na mipapai husitawi.

Yote haya yanategemea kipimo. Mstari wa tuta hupimwa kwa kamba, vijiti viwili na pima maji. Ukikosewa, maji hukusanyika mahali palipo chini, hulivunja tuta, kisha hulivunja la pili yake, na hivyo hivyo mpaka bondeni. Mwenye shamba la chini huweza kupoteza udongo wake kwa uvivu wa jirani ambaye hata hakusemezana naye.

Tena kuna njia, jambo ambalo watu hulisahau. Ng'ombe huteremka mtoni kwa njia ile ile kila siku. Kwato zao husaga udongo, majani hufa, na mvua ikija njia hugeuka mfereji, kisha korongo. Shamba hulindwa na mwenyewe, lakini njia ni ya wote, na kwa kawaida kitu cha wote hakina mlinzi. Dawa yake ni kuigeuza njia ipite kwa kupinda mlimani, kupanda mkonge kandokando, na kupanga mawe kukingama korongo ili maji yapunguze mwendo na kuacha udongo. Hayo hayawezekani pasipo majirani kukubaliana, kwa kuwa njia mpya lazima ipite katika ardhi ya mtu fulani.

Kazi hii haikupendwa tangu mwanzo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ili kupunguza idadi yao, watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akahamishwa Lamu. Uchimbaji wa matuta kwa amri ulichukiwa vivyo hivyo, na mengi ya matuta hayo membamba hayakudumu. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya, desturi ya zamani ya kusaidiana kazi, viliporudishwa na kuchagua viongozi wao wenyewe. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 matuta mengi yaliachwa, kisha watu wakayarudia katika miaka ya 1970. Hesabu yake inastaajabisha. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ya wakati ule ilikuwa na watu wapatao 240,000, na ilisemekana kwamba ardhi imekwisha. Kufikia mwaka 1990 walikuwa karibu 1,400,000, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Katika mwethya wanawake ndio wengi, kwa maana wanaume wengi wamekuwa wakienda kutafuta kazi mijini. Wanakikundi huchimba shamba la mmoja, kisha la mwingine, kwa zamu. Jambo gumu ni kuamua zamu ianzie wapi. Kwa kuwa maji hutoka juu, yafaa kazi ianzie shamba la juu kabisa. Na mwenye shamba la bondeni, ambaye udongo wake ndio unaofunikwa na mchanga, hana budi kuinua jembe kwa siku nyingi katika mashamba ya wengine kabla zamu yake haijafika.