Breki za nyuma: Kabla ya kutoa dramu na kufunga diski

Breki kupoteza nguvu kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, ni hofu ya kila msafirishaji. Pikapu nyingi zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zikiwemo Toyota Hilux, hutoka kiwandani na breki za dramu nyuma. Baadhi ya wamiliki huziondoa na kufunga diski. Je, kazi hiyo inalipa?

Tofauti iko kwenye joto. Ndani ya dramu, brek shuu hutanuka na kusugua chuma kilichofunikwa. Dramu ikipata moto nayo hutanuka, ikazikimbia brek shuu, na dereva akaona pedeli inashuka. Tope na maji pia hunaswa humo. Diski iko wazi, hupozwa na upepo na hukauka upesi baada ya kuvuka mto.

Hata hivyo, dramu ni rahisi kutunza na hushika vizuri gari lililosimama na mzigo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwenye Hilux, hendibreki hufanya kazi ndani ya dramu hizo za nyuma. Ukizitoa, umeitoa na hendibreki. Ni lazima kalipa mpya ziwe na mkono wa hendibreki, au diski iwe na dramu ndogo katikati yake. Kwa Land Rover Defender za zamani kazi ni nyepesi, kwani hendibreki yake iko nyuma ya gia boksi. Gari lisilo na hendibreki ni hatari kwenye foleni ya mpakani penye mwinuko, na halifai kupita ukaguzi.

Jambo la pili ni mgawanyo wa nguvu. Pikapu nyingi zina valvu inayoongeza breki za nyuma kadiri mzigo unavyozidi. Ikiachwa bila kurekebishwa, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga mapema gari likiwa tupu, likateleza na kugeuka. Masta silinda nayo ipimwe kama inatosha kusukuma kalipa, na rimu kama zina nafasi.

Kwa upande wa hesabu, gharama si diski na kalipa tu. Kuna mabomba, hendibreki, ufundi na siku ambazo gari halifanyi kazi. Anayeagiza vifaa kutoka nje akumbuke ushuru. Sehemu za breki ziko chini ya namba 8708.30 ya forodha.

Kwa gari linalopita milimani na kwenye tope kila wiki, fedha hiyo inaweza kurudi. Kwa wengine, anzeni na dawa ya bei nafuu: brek shuu nzuri zilizokazwa sawasawa, mzigo usiozidi, gia ndogo mteremkoni, na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakinyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Yakichemka, hata diski haitasaidia.